Mchanga wa tangi la maji chumvi: usiufumue wote kwa siku moja

Mkuu nimesoma swali lako, tangi lako la samaki lina miaka mitatu, mchanga wa sentimita kama saba hujawahi kuugusa, nitreti (kemikali inayobaki majini uchafu ukishaoza) zinapanda kila wiki na wikendi hii unataka uuvuruge wote ufyonze uchafu yaishe. Aisee subiri kwanza. Mimi nilifanya hivohivo, niliingiza mkono nikachota mpaka chini kabisa, ndani ya dakika kumi maji yakawa ya kijivu hata jiwe la mbele silioni, na chumba kizima kinanuka mayai viza. Asubuhi nakuta samaki wanahema juu juu, wawili wameshakufa, konokono wamelala chali, kupima amonia, ile sumu inayotokana na uchafu kuoza, ndo hiyo imepanda wakati miezi yote ilikuwa sifuri.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye. Mchanga wa juu una oksijeni, ukishuka chini haipo, na huko kuna bakteria wanaoishi bila hewa, wengine wanageuza nitreti kuwa gesi ya naitrojeni (hao ni rafiki zako), wengine wanatumia salfeti na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu, ndo ile harufu na yale mabaka meusi unayoyaona kwenye kioo. Sasa ukifumua kila kitu kwa mpigo ile sumu inatoka, mavi na masalia ya chakula ya miaka mitatu yanarudi majini, bakteria wanayavamia na oksijeni inaisha usiku usiku.

Siku hizi nimeligawa tangi vipande sita kichwani mwangu, kila nikibadilisha maji nafanya kimoja tu. Kwa mchanga wa zamani kama wako anza na sentimita moja ya juu, hayo mabaka meusi yaache kwanza. Tumia bomba pana la kufyonzea, ukiona mchanga unapanda sana ubane mpira kwa vidole, mchanga ni mzito utashuka wenyewe, uchafu utaendelea kupanda, achia tena, hivo hivo mpaka ndoo ijae. Mchanga laini sana unakera maana unapanda wote, hapo mdomo wa bomba usiuzamishe, upitishe juu juu tu. Maji mapya yawe na chumvi na joto sawa na la tangini, na siku hiyo pampu ya hewa iwake usiku kucha.

Ila kufyonza ni nusu ya kazi, maana uchafu unajikusanya pale mkondo unapokufa, hasa nyuma ya mawe. Nilisogeza pampu moja ya mkondo ipige kioo cha nyuma badala ya mbele na nikashangaa tofauti. Kabla ya kubadilisha maji napuliza mawe kwanza, vumbi lielee liende kwenye soksi ya chujio (mfuko wa kitambaa unaonasa uchafu), na soksi yenyewe naitoa kila baada ya siku tatu, ukiiacha wiki mbili uchafu unaozea humo humo na hujatoa kitu.

Wanyama wanaokula mchangani wanasaidia lakini watu wanawasifia kupita kiasi. Konokono wa nassarius nawapenda, wanachimba na kula masalia. Kiti cha pweza cha mchangani sitaki tena, kinamaliza wadudu wadogo wote halafu chenyewe kinakufa njaa. Jongoo bahari anasafisha vizuri sana ila akinaswa na pampu anaweza kuachia sumu akakuulia tangi zima. Na hakuna anayefanya uchafu upotee, akishakula naye si anakunya?

Kwa hiyo wikendi hii fanya kona moja ya mbele, pima amonia na nitreti baada ya siku mbili, samaki wakiwa sawa wiki ijayo endelea na ya pili. Chini ya mawe makubwa iwe ya mwisho, mimi mwenyewe pale bado sijapagusa.