Mwanangu, kuhusu zile glovu nyeusi

Mwanangu Salim,

Barua yako tumeisoma mimi na mama yako, yeye mara mbili. Unasema vijana wa Alpha Phi Alpha, ule udugu ulioanzishwa na wanafunzi weusi wa Marekani, hapo chuoni wamekukaribisha katika udugu wao, nawe unauliza ujiunge mwaka huu au ungoje umalize shahada, kwa kuwa hata waliohitimu hupokelewa na ada yenyewe si ndogo. Mambo ya ada muulize kaka yako, ndiye mtu wa hesabu. Mimi nataka kukueleza habari ya zile glovu nyeusi.

Unazikumbuka. Zimo ndani ya sanduku la bati la bibi yako. Wewe na Zuhura mlikuwa mkizivaa na kupigana ndondi barazani, jua la Februari likiwachoma. Mkiniuliza nilizipata wapi, nilikuwa nasema nilizinunua Ithaca, Marekani. Sikuzinunua.

Nilikuwa na miezi miwili tu katika chuo kikuu cha Cornell, hukohuko Ithaca, mwaka 1986, theluji ya kwanza imeshaanguka. Kijana mmoja alinibishia hodi chumbani, amevaa koti jeusi lenye herufi za dhahabu za Alpha. Akanieleza kwamba kila Jumamosi yeye na wenzake huwafundisha watoto wa mjini hesabu na kusoma, na wangefurahi kama mtu wa Kenya angekuja kukaa nao saa mbili. Hata kiti sikumpa. Nikamwambia, "Hayo ni mambo yenu Wamarekani. Mimi nimekuja kusoma." Hakubisha. Alitazama mikono yangu, ambayo baridi ilikuwa imeipasua hadi ikatoa damu, akavua glovu zake, akaziweka juu ya meza. "Zitakufaa, ndugu yangu," akasema, akaenda zake na mikono mitupu. Tangu siku hiyo, nikimwona kwa mbali, nilikuwa nabadilisha njia. Mwezi wa Mei akahitimu, akaondoka, na neno la shukrani sijampa.

Undugu ni kufaana, si kufanana. Najua mmechoka kulisikia hili, Zuhura hunimalizia kabla sijafika katikati. Lakini sikulitoa kwenye kitabu cha methali. Yule kijana tulifanana ngozi, na kumfaa kwa saa mbili nikashindwa.

Na kumbe nilikuwa nimesimama palepale walipoanzia hao Alpha! Mwaka wa masomo 1904–1905 Cornell ilikuwa na wanafunzi weusi sita, na mwaka uliofuata hakuna hata mmoja wao aliyerudi. Waliokuja baada yao wakaona mtu akisoma peke yake atapotea vilevile. Wakaanza kukutana kusoma pamoja, na tarehe 4 Desemba 1906 saba kati yao wakaufanya udugu. Mmoja, Vertner Tandy, ndiye mbunifu aliyechora jumba la Madam C. J. Walker, yule mama mweusi aliyetajirika kwa dawa za nywele. Mwingine, Eugene Kinckle Jones, aliongoza National Urban League, chama cha kuwatetea weusi wa mijini, kwa miaka mingi. Mwaka 1922 wakaanzisha kampeni ya kuwahimiza vijana waende sekondari, kisha chuo, na katika miaka ya 1930 wakaanza kuwahimiza watu wao wajiandikishe kupiga kura. Zile hesabu za Jumamosi nilizozidharau zilikuwa kazi ya miaka zaidi ya sitini.

Halafu yupo Thurgood Marshall, wakili wa haki za weusi. Ndugu yao huyo alizaliwa Baltimore, lakini kwa sababu chuo kikuu cha Maryland hakikupokea weusi katika sheria, alikuwa akipanda treni kila siku kwenda kusoma chuo kikuu cha Howard, Washington. Mwaka 1935 yeye na Charles Houston, naye ndugu wa Alpha, wakakishtaki chuo hicho kwa niaba ya Donald Murray, wakashinda, na udugu huo ulikuwa na mkono katika kesi hiyo. Ni Marshall huyuhuyu ambaye Tom Mboya alimwita awe mshauri wa wajumbe wetu kwenye mkutano wa katiba kule Lancaster House, London, Januari 1960. Aliwasaidia kuandika haki za raia wa Kenya, pamoja na ulinzi wa wazungu na Wahindi waliokuwa wachache. Babu yako alikuwa amezikata gazetini habari za mkutano ule, akazibandika ukutani pembeni ya kalenda. Nimekua nikizitazama. Nami nikamwambia yule kijana kwamba ni mambo yao.

Sasa mama yako ananikumbusha, na ana haki, kwamba vyama hivi vina mambo ya siri na vijana wamepigwa humo, wengine wakafa. Ni kweli. Mwaka 1990 vyama vyote vikubwa vya udugu vya weusi vilikubaliana kuufuta ule muda wa majaribio ambamo wapya walikuwa wakiteswa, na bado wako wanaowatesa kwa kujificha. Atakayekuambia undugu unaingiwa kwa fimbo, mwache hapohapo, usimuage. Na bado najiuliza: mbona ni udugu wa waliofika chuo, na yule asiyefika? Halafu nakumbuka wale watoto wa Jumamosi, nakosa la kusema. Halafu naiona ile picha uliyotutumia, umesimama chini ya sanamu ya Martin Luther King pale Washington. King alikuwa ndugu yao tangu 1952. Walianza kulisukuma jambo la ukumbusho ule mwaka 1984, ukafunguliwa 2011. Miaka ishirini na saba hawakuchoka.

Mama yako amenikataza kukuamulia, na neno liko hapa kwenye ncha ya kalamu. Basi, sitaliandika.

Shangazi yako anakuja huko Desemba. Nimempa zile glovu. Ya kulia imefumuka kwenye kidole gumba, usiishone, ilikuwa hivyohivyo nilipopewa.

Baba yako