Wanafunzi kusoma habari ya wiki kama risala: nilivyotoka huko

Mleta uzi, umesema wanafunzi wako wa miaka 12 hadi 14 hutakiwa kuwasilisha habari ya wiki kila Ijumaa, nao husimama na karatasi waliyonakili neno kwa neno, wakasoma mpaka mwisho, darasa likapiga makofi, basi. Rika hilo nimelifundisha miaka mingi na hayo nimeyaona yote. Mmoja wangu aliwahi kusoma mpaka "bofya hapa kuendelea". Hakushtuka. Wenzake nao hawakushtuka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nawaambia "tafuta habari yoyote, uifanyie muhtasari." Sasa mtoto afupishe nini wakati mwandishi ameshafupisha? Akiondoa sentensi mbili anaona kazi imekwisha, na kusema kweli sina cha kumlaumu. Nikabadili agizo: usiniletee habari, niletee swali ambalo habari hiyo imekuachia, pamoja na ulichokipata ulipolifuatilia.

Wazo hilo sikulitoa kichwani mwangu. Nililipata darasani, Machi 2021, ile meli ya makontena Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez tarehe 23 na kuziba njia kwa siku sita. Kundi lililokuwa na zamu lilisoma risala yake kama kawaida: meli imekwama, nyingine mamia zinasubiri, biashara imeathirika. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kumsikia sauti ni bahati, akauliza, "Kwani si waivute tu?" Darasa likaangua kicheko. Nikasema hakuna cha kucheka, hilo ndilo swali, lichukueni mkalifanyie kazi.

Walivyorudi nalo, nilikaa kimya nikatazama. Walikuwa na kamba ya mita 4, sentimita moja kwa kila mita ya meli, maana ile meli ina urefu wa mita 400. Wakapanga madawati mistari miwili yawe kingo za mfereji, wakailaza kamba mshazari: omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, imejichimbia ukingo huu, na tezi, sehemu ya nyuma, imegota kwenye ule. Slaidi ya nini tena? Kila mtu aliona kwa nini haivutiki kirahisi. Kisha wakaeleza kazi ya kuchimbua mchanga kwenye omo na kazi ya matagi, zile boti za kuvuta meli, halafu yule yule wa nyuma akachora mwezi ubaoni. Tarehe 28 ulikuwa mwezi mpevu, bamvua ikaja, yale maji makuu ya bahari yanayoletwa na mvuto wa mwezi na jua, maji yakapanda kuliko kawaida, na tarehe 29 meli ikaelea. "Mwezi unahusikaje na makontena?" akauliza mwenzake, na hapo tukapoteza kipindi kizima. Nimesema kupoteza, ila sijawahi kupoteza kipindi vizuri namna ile.

Tangu siku hiyo karatasi ya kusoma ni marufuku. Mtoto anaruhusiwa kadi moja yenye maneno matano, siyo sentensi. Anazungumza dakika tatu, anaulizwa maswali dakika nne. Ndiyo, maswali yana muda mrefu kuliko hotuba, kwa sababu mtoto aliyekariri hujulikana kwenye swali la pili. Akijibu "sijui, nitatafuta" nampa alama, na Jumatatu namdai. Mwanzoni walinichukia. Wale waoga wa kusimama mbele niliwaacha wawasilishe wakiwa wameketi, wawili wawili, na karibu wote walisimama wenyewe baada ya muda.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema watoto wa siku hizi wanaijua intaneti kuliko sisi, kwa hiyo suala la vyanzo tusilipe uzito. Hapana, mkuu. Kujua kubofya ni jambo moja, kujua unachokisoma ni jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo mwaka 2016: zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa rika hili waliowapima Marekani walidhani tangazo la kulipiwa ni habari ya kweli, ilhali lilikuwa limeandikwa wazi kwamba limedhaminiwa. Maneno waliyaona. Hawakujua tu yana maana gani.

Kwangu somo hilo lilikuja kwa picha. Tetemeko la Uturuki na Syria la Februari 6, 2023 lilipotokea, binti mmoja alileta picha ya mbwa ameketi kwenye kifusi kando ya mkono wa mtu. Darasa zima lilitokwa machozi, mimi mwenyewe koo lilinikaba. Nikawaomba tuitafute picha yenyewe mtandaoni, tuone imewahi kutokea wapi kabla. Ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma. Binti alifedheheka, nami nilijilaumu kwa kulifanya hilo mbele ya wote. Siku hizi picha inahakikiwa kabla ya Ijumaa, kwenye meza yangu, wawili tu. Ila tetemeko lenyewe lilikuwa la kweli, vifo vilikuwa vya kweli, na ilinibidi niliseme hilo mara tatu, kwa kuwa wakishagundua uongo mmoja wanataka kuona kila kitu ni uongo. Huo ni ugonjwa mwingine, na nadhani ni mbaya kuliko wa kwanza.

Habari za vita na mauaji sizikatazi, ila simpangii mtoto. Akiichagua mwenyewe namuuliza kwanza kwa nini ameichagua. Wakati mwingine jibu linakuambia ana ndugu huko.

Kuhusu alama usijisumbue na jedwali refu. Swali lake lilikuwa la kweli? Amevuka chanzo kimoja? Ameulizwa akajibu? Inatosha.

Jambo la mwisho, wape nafasi ya kurudia habari ambayo vyombo vimeshaichoka. Wiki kadhaa baada ya Ever Given kuelea, msichana mmoja aliomba zamu ya pili. Sisi wote tulidhani mambo yaliisha tarehe 29. Kumbe meli ilikuwa imezuiliwa Misri kwa madai ya fidia, imetia nanga kwenye ziwa lililo katikati ya mfereji ule ule, na haikuachiwa mpaka Julai 7. Kadi yake ninayo bado kwenye droo: ziwa, mahakama, fidia, mabaharia, bado.