Usimpeleke mtoto maktaba halafu ukamwacha, kaa naye

Juzi saa tano usiku dada mmoja kanitumia meseji. "Shikamoo dada. Mwanangu yuko la tatu, kusoma hataki kabisa. Nimemchapa, nimemnyang'anya simu, nimemlipia tuisheni. Nifanyeje?" Nikaisoma mara mbili, nikacheka kidogo, halafu nikanyamaza, maana mwaka juzi hiyo meseji ningeweza kuiandika mimi.

Wa kwangu alikuwa la pili. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu mmoja akasimama, mbele ya watu wote, akasema mama huyu wako ni mzito, wenzake wanasoma sentensi yeye bado anahesabu herufi. Wazazi wengine wakaangalia chini kama wanatafuta sarafu. Jamani, mi mpaka leo nikimwona yule mwalimu getini tumbo linavuruga. Sikumjibu kitu. Nilirudi nyumbani nikammalizia mtoto hasira zote, daftari likaruka, mtoto akalia, nami nikalia bafuni ili wasinione. Si kitu cha kujisifia lakini ndo ilikuwa hivyo.

Maktaba sasa. Likizo ya Juni nikasema hawa watoto watanichosha humu ndani, ngoja niwapeleke pale Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, wakae sehemu ya watoto mimi niteremke zangu Kariakoo. Yaani niwaambie ukweli, mpango wangu ulikuwa niwatupe pale kama mizigo. Tumetoka Kimara na mwendokasi asubuhi, tumefika, nageuka kuondoka, mama mmoja mkutubi akaniuliza kwa upole, "Hawa wanabaki na nani?" Nikarudi nimenuna, nikakaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yako kidevuni, nikatoa simu.

Baadaye kidogo yule mama akapita tena. "Na mama unasoma nini leo?"

Kabla sijafungua mdomo, mwanangu, huyohuyo mzito, akanijibia. "Anasoma wasapu."

Aibu niliyoiona siku ile! Nikachukua kitabu cha kwanza nilichokifikia, cha sungura, kimechakaa pembeni, nikaanza kumsomea kwa sauti ya chini. Nikamwambia haya na wewe ukurasa huu. Akafika kwenye neno "wakamkimbilia". Akasema "waka..." halafu akabuni, akasema "wakaondoka" na kuendelea mbele kama hakuna kilichotokea. Hapo ndo nikaona. Mtoto hakuwa mzito, alikuwa anaogopa maneno marefu, na Kiswahili chetu mnakijua, neno moja limebeba watu watatu na safari yao. Nikaweka kidole gumba juu ya neno nikaacha "waka" peke yake. Akasoma. Nikasogeza, "mki". Akasoma. "Mbilia." Nikatoa kidole akalisoma lote, akarudia mara tatu, mara ya tatu mpaka watoto wa meza ya pili wakageuka. Miaka miwili ya shule na hakuna aliyewahi kukaa naye dakika tano na neno moja, mimi mama yake nikiwa wa kwanza kwenye hiyo orodha.

Katikati hapo sina la kuwahadithia, tulikwenda tukarudi, Jumamosi hii ndiyo ile hapana. Nilipopata moto nikataka na mtaa mzima usome. Nikatandika mkeka barazani Jumapili jioni, wiki ya kwanza wakaja watoto 14, ya tatu 4, ya tano wangu wawili tu, na jirani kapitisha neno kwamba nataka kufungua tuisheni ya kulipisha watu. Sawa. Mkeka nimeukunja. Ila kwa kweli iliniuma, maana hao hao wazazi ndo wanaolalamika watoto wameharibiwa na simu.

Sasa dada yangu wa saa tano usiku, nikujibu. Kiboko hakifundishi kusoma. Acha. Tafuta maktaba iliyo karibu, na usiniambie uko mkoani, maktaba za mikoa zipo, Tanga ipo, Mwanza ipo, Moshi, Iringa, Mbeya. Ukifika uliza kaunta ada ya uanachama na masharti ya kuazima, halafu mwache mtoto achague mwenyewe hata kama kachagua cha chekechea. Kaa naye. Nasema tena kaa naye, simu kwenye pochi. Siku mkishindwa kwenda, ingia African Storybook kwenye intaneti, hadithi za Kiswahili zipo na ni bure, na ukikutana na vitabu vya Mradi wa Vitabu vya Watoto, wale walioanza 1991, chukua, vimeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtoto. Na kaa naye, nimeshasema.

Tunapenda kusema Waswahili hatusomi. Nani kasema? Jengo lile la Maktaba Kuu Mwalimu Nyerere alilifungua 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, nchi ina miaka sita tu. 1970 ukatangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, bibi yangu naye akaenda kisomo, chini ya mwembe, katoka shamba na jembe begani. Alikuwa akisoma barua za wanawe kwa sauti ili majirani wasikie kuwa anajua. Sisi tuna taa, tuna miwani, tuna bando, tunashindwa na ukurasa mmoja! Tusisingizie watoto, wanasoma kile wanachotuona tukisoma.

Jumamosi iliyopita kwenye mwendokasi yule bwana mdogo kaanza kusoma kila kibao dirishani, duka la dawa, fundi viatu, nyumba hii haiuzwi, kwa sauti, basi zima linamsikia. Mzee mmoja akamwambia hongera babu. Nikageukia dirishani nikajifanya naangalia foleni.

Kilichobaki ni baba yake. Kila tukimwita twende anasema haoni maandishi madogo, hana miwani. Miwani nimemnunulia tangu mwezi wa pili. Iko juu ya friji, hata karatasi yake haijatoka.