Shangazi, si kila euro inarudi

Shangazi, umeuliza kutoka Kondele: kijana akianza kazi Ufaransa na kukatwa bima, si atatibiwa bure? Hapana. Atalipa kwanza, arudishiwe baadaye, na wala hatarudishiwa zote.

Huko Kisumu mmezoea hospitali idai SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, yenyewe. Huku, kwa daktari wa kawaida, mgonjwa hutoa 30 euro papo hapo. Kisha Carte Vitale, kadi ya kijani yenye chipu, inachomekwa kwenye kimashine na madai yanakwenda yenyewe. Bima ya serikali hulipa asilimia 70, yaani 21, ila inakata 2 za lazima; zinaingia benki 19. Bima ya nyongeza, wanayoiita mutuelle, huongeza 9. Zile 2 harudishi mtu. Mwajiri wa kampuni binafsi hulipa angalau nusu ya mchango wa mutuelle, kwa hiyo kijana asiikimbie eti inapunguza mshahara.

Sasa penye kuumiza. Lazima amtangaze daktari mmoja kuwa daktari wake, médecin traitant. Asipofanya hivyo, ile 70 inashuka kuwa 30: anapata 9, toa 2, zinabaki 7. Na mutuelle haizibi pengo hilo la adhabu. Inatoa zake 9 basi. Kwa ziara ileile ya 30 euro amepoteza 14 badala ya 2. Fomu yenyewe ni ya dakika chache, daktari anaijaza kwenye kompyuta yake, lakini wageni wengi huikumbuka wakishaugua.

Kosa la pili ni kudhani asilimia inapigwa kwenye risiti. Inapigwa kwenye bei rasmi. Daktari bingwa wa secteur 2 ana ruhusa ya kutoza zaidi, na ile ziada ni ya mgonjwa, labda mutuelle yake iwe nzuri. Aulize anapopiga simu kuomba nafasi: secteur 1, wanaotoza bei rasmi, au 2? Si aibu, Wafaransa wenyewe huuliza.

Mwanzoni hatakuwa na kadi. Daktari atampa karatasi, feuille de soins. Aitie sahihi na kuituma kwa ofisi ya bima, CPAM, kabla ya miaka 2 kupita. Bila RIB, karatasi ya namba ya akaunti ya benki, pesa hazina pa kwenda. Namba ya kudumu ya bima nayo inataka cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi. Kitafuteni sasa, Shangazi, kabla hajapanda ndege.

Dawa: nyingi za maana hurudishwa asilimia 65, nyingine 30 au 15, na kila kiboksi kinakatwa 1 euro, mwisho 50 kwa mwaka.

Nawe ukija kumtembelea, kadi yake haikuhusu. Viza ya Schengen inadai bima ya safari ya angalau 30,000 euro. Kwa presha yako, soma kwanza kile kipengele cha magonjwa ya zamani.

Yeye akija likizo akashikwa na malaria, alipe hapo Kisumu, atunze risiti zilizolipwa na cheti cha daktari, akirudi Ufaransa ajaze S3125, fomu ya matibabu ya nje ya nchi. Ofisi hufikiria dharura tu, na haiwajibiki kukubali. Meno aliyopanga kutengeneza nyumbani kwa sababu ni nafuu, hayo atajilipia mwenyewe.