Maswali yenu: Wale maiti wa darasa la anatomia wanatoka wapi?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mwanangu kapata nafasi ya kusomea udaktari Nairobi, nyumba nzima tulifurahi, lakini juzi kanipigia simu ananiambia wameanza kupasua maiti na mimi tangu hapo roho haijatulia. Hao watu ni akina nani, jamaa zao wanajua? Na dini yetu je? – Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam mama, na hongera ya kijana. Naanza na hilo la wanatoka wapi maana ndilo watu wanalikwepa. Kenya ipo sheria kabisa ya anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, sura ya 249, na maiti wengi wanaofika kwenye meza za wanafunzi ni wale waliokaa mochari wasijitokeze jamaa wa kuwachukua. Mtu kagongwa barabarani hana kitambulisho, ama kafia hospitali peke yake, siku zinapita, majina yanatangazwa, kimya, basi wengi wanazikwa na kaunti na baadhi wanapelekwa chuo. Waliojitolea wenyewe wakiwa hai ni wachache mno. Kwa hiyo ukiniuliza jamaa wanajua, mara nyingi hawajui, na mimi hilo halijawahi kunikaa sawa, maana ukiangalia vizuri anayepasuliwa karibu siku zote ni maskini.

Na jambo lenyewe tumelirithi. Edinburgh kule Scotland, mwaka 1828, jamaa wawili Burke na Hare waliua watu 16 wakawa wanamuuzia maiti Dkt. Robert Knox aliyefundisha anatomia, maana wanafunzi walikuwa wengi na maiti wa halali, kama wahalifu walionyongwa, walikuwa wachache. Burke alinyongwa Januari 1829 na hakimu akaamuru naye apasuliwe (mifupa yake ipo mpaka leo chuo kikuu hapo hapo Edinburgh, wanafunzi wanaiangalia). 1832 bunge la Uingereza likaruhusu maiti wasio na wenyewe watumike, wengi wakitoka kwenye nyumba za maskini, na wakoloni walipokuja huku fikra hiyo wakaja nayo.

Sasa huko ndani ya chumba cha kupasulia, kijana asikutishe. Mwili unakuwa umeshatiwa fomalini, dawa ya kuzuia usioze, kupitia mshipa mkubwa wa paja au shingo, damu haimwagiki, nyama imekakamaa imekuwa rangi ya kahawia. Kinachosumbua ni harufu, inachoma macho, inaingia kwenye koti na nywele, wengine wiki za mwanzo nyama ya sahani hawaitaki kabisa. Kundi moja linakaa na mwili huo huo miezi, kazi yenyewe ni ya subira, mtu anaweza kushinda asubuhi nzima anakwangua mafuta kwapani na koleo ndogo mpaka neva (mishipa ya fahamu) za mkono zitokee nyeupe, moja baada ya nyingine, bila kuikata hata moja.

Dini, wanazuoni wamehitilafiana. Wako wanaokataza kwa hadithi ya kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja yuko hai, na wako wanaoruhusu kwa dharura ili madaktari wapatikane. Hapo muulize sheikh wako, mimi si mtu wa fatwa.

SWALI: Mimi niko mwaka wa pili, lecturer ananishawishi nifanye utafiti wa anatomia. Si mwili ulishamalizwa kusomwa zamani? – Kijana wa Eldoret

JIBU: Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo cha mkono kidogo. Umeona kano imesimama hapo katikati? Hiyo ni kano ya msuli unaitwa palmaris longus, na madaktari wa upasuaji wanaipenda hiyo kano kwa sababu ukiitoa kwenda kuziba pengo kwingine mkono haupungukiwi kitu. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinasema watu kama 15 kwa 100 hawana. Utafiti uliochapishwa 2011, watu 800 wa huku kwetu Afrika Mashariki, ukakuta wasionao hawafiki hata 5 kwa 100. Hapo ni msuli mmoja tu, na wa kuonekana kwa macho! Mishipa ya ini, ya figo, inavyogawanyika kwa watu wetu, daktari wa upasuaji anaihitaji kabla ya kushika kisu. Galen, daktari wa Kigiriki wa zamani, aliandika taya la chini ni mifupa miwili kwa sababu alipasua wanyama, watu wakaamini zaidi ya miaka elfu moja mpaka Vesalius, mwalimu wa anatomia wa Ulaya, alipomsahihisha 1543. Kubali huo utafiti bana, hata kama hauna hela.

SWALI: Naweza kutoa mwili wangu nikifa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Unaweza. Nenda idara ya anatomia ya chuo kilicho karibu, andika, weka sahihi. Halafu waambie mke na watoto na hasa wale wajomba wenye sauti, maana siku hiyo wewe huna la kusema, na wakishafika mochari na jeneza, hakuna chuo kitakachogombana nao.