Shimo na mtaro wa mtaani Mbeya: peleka barua

Dada, umeuliza shimo la mtaani kwenu Ilomba na mtaro uliojaa taka uripoti wapi. Inategemea barabara ni ya nani. Ile kuu iendayo Tunduma, inayopita Uyole na Mafiati, ni ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu. Za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017.

Ila tafadhali usiishie kusema kwa mdomo. Sisi mtaani kwetu tulisema msimu mzima wa mvua, tukajibiwa "tutakuja", mpaka maji yakaingia jikoni kwa bibi jirani yetu. Inauma mno. Mtaro ulizibuliwa baada ya kuandika barua, mtendaji wa mtaa akaigonga muhuri, tukabaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Tuliambatanisha na picha: tuliweka ndoo ya lita 20 ndani ya shimo ili kina kionekane. Nakala nyingine mpe diwani wako, aibebe kwenye baraza la madiwani.

Na uipeleke mapema. Mvua za huku zikianza Novemba zinafika hadi Aprili, na greda halichongi tope.