Helmeti ya baiskeli inasaidia nini hasa?

Huu ni mwaka wa sita naendesha baiskeli Tabata hadi Kariakoo, na minne ya mwanzo sikuvaa chochote kichwani zaidi ya kapelo. Jua la Dar mnalijua. Halafu kuna vijana wa kijiweni: "Oya, boda umeiacha wapi?" Helmeti alininunulia mama watoto, nikaivaa ili amani iwepo nyumbani.

Siku niliyoanguka pale Buguruni hakuna aliyenigonga. Daladala ilichomekea kuwahi abiria, nikakwepa kushoto, tairi la mbele likaingia kwenye ule mchanga unaojikusanya pembeni mwa lami. Baiskeli huku, mimi kule, na upande wa kichwa juu ya sikio ukapiga ukingo wa zege. Nikasikia "kraa!" Nikajua fuvu hilo.

Kumbe helmeti. Ganda la nje lilikuwa na mchubuko tu, lakini ndani, lile povu jeupe linalofanana na la kufungia televisheni mpya, lilikuwa na ufa wa urefu wa kiganja na sehemu moja imebonyea. Povu limewekwa ili libonyee lenyewe, pigo lipungue nguvu kabla ya kufika kwenye ubongo. Likishabonyea halirudi. Nilipoipeleka baiskeli kwa fundi, aliishika helmeti akaigeuza: "Niachie hii elementi, mwanangu, nikupigie gundi." Nikamwambia, mzee wangu, hii imeshamaliza kazi.

Mtulinga ulivunjika, lakini. Wiki sita mkono umening'inia shingoni, na hapo helmeti haikuwa na la kunisaidia.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zenye waendesha baiskeli walioumia zaidi ya 64,000. Kwa waliovaa helmeti, uwezekano wa kuumia kichwa ulikuwa chini kwa asilimia 51, na kuumia vibaya kichwani kwa asilimia 69. Hapo tunazungumzia watu ambao tayari wamepata ajali; ajali yenyewe helmeti haiizuii. Breki mbovu zitakuangusha ukiwa umeivaa.

Binamu yangu hunirushia Uholanzi: kule wanaendesha nchi nzima na wengi hawavai. Kweli. Ila wana njia zao za baiskeli, wakati mimi kwenye Barabara ya Mandela nabanana na malori ya bandarini. Na nisikudanganye, lori likikupitia, helmeti si kitu. Hupimwa kwa kuangushwa kutoka kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, yaani ajali kama yangu ya Buguruni. Lakini mchanga, mashimo na milango ya bajaji inayofunguliwa ghafla ndivyo vinavyotuangusha wengi wetu.

Ukienda kununua, ya mtumba iache. Hujui imeshapiga chini mara ngapi, na ufa unaweza kujificha chini ya ganda. Ya bodaboda nayo nzito, kwa kukanyaga pedali utapikika. Ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, isiegemee kisogoni kama balaghashia ya mzee wa bao. Mkanda wa kidevuni ufungwe, ubaki na nafasi ya kidole tu. Kila siku nawaona watu wameuacha unapepea. Hiyo itatangulia kuanguka kabla yako.

Jasho lipo. Natembea na kitambaa.